Nani Anakula Karoti Zetu? Kukinga Bustani ya Nyumbani na Wadudu



Tukitembelea vikundi vya Kabati na vijiji vya jirani, kuna swali moja ambalo halikosi: "Tumepanda karoti, tumenyunyizia maji, zimeota vizuri, halafu wadudu wanazimaliza. Tupige dawa gani?" Swali hili ni zuri, lakini linaanzia mwisho. Kabla ya kuuliza dawa gani, tuulize kwanza: ni nani anayekula? Anakula saa ngapi? Na alifikaje hapo? Mtu hategi mtego wa panya akitaka kumshika fisi.

Katika makala haya tutaeleza wadudu wanaosumbua karoti katika bustani za nyumbani, namna ya kuwatambua, na kazi ambazo kikundi kinaweza kufanya bila kutumia pesa nyingi. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana mkikutana.

KWA NINI TUSUMBUKE NA KAROTI?

Wengine watasema karoti ni chakula cha watu wa mji na wa sehemu za baridi, na sisi huku Kitui chakula chetu ni kunde, pojo, mbaazi na mtama. Ni kweli, hiyo mimea ndiyo uti wa mgongo wetu na tusiiache. Lakini karoti ina faida zake. Ile rangi yake ya machungwa mwilini hugeuka kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na magonjwa. Mtoto aliyekosa vitamini hii kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri giza likiingia. Karoti ikipikwa na mafuta kidogo mwili huipokea vizuri zaidi. Ukikosa karoti, mboga za majani za kijani kibichi, maembe mabivu na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina faida hiyo hiyo.

Jambo la pili ni maji. Karoti hukaa shambani miezi mitatu hivi kabla ya kuvunwa. Katika muda huo wote kuna mtu anayebeba maji, mara nyingi mama au msichana, na punda kama yuko. Mdudu akila karoti, amekula pia ile safari ya mtoni.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Watu wakiona wadudu wengi hushikwa na hasira, na wengine huchukua dawa yoyote iliyobaki nyumbani, iwe ni ya nyanya, ya maembe, au hata ile ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, wakapulizia mboga. Halafu mtoto anatoka shuleni na njaa, anang'oa karoti, anaipangusa kwenye nguo na kuila hapo hapo shambani. Karoti nyingi huliwa hivyo. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya wadudu wa karoti, tunazungumza pia habari ya watoto wetu.

KWANZA TUMJUE ADUI

Keti karibu na tuta lako asubuhi mapema, uangalie polepole. Alama zitakuambia.

1. Miche imekatwa karibu na udongo na kuangushwa, kama imekatwa kwa wembe. Huyu ni kiwavi mkataji, ambaye wengine humwita sota. Ni mnene, rangi ya kijivu au kahawia, na ukimgusa anajikunja kama duara. Mchana hulala ndani ya udongo karibu na mche aliokata, na usiku hutoka kula. Mama yake ni nondo wa usiku anayetaga mayai kwenye magugu na udongoni.

2. Mmea unanyauka ingawa umenyunyiziwa maji, na ukiung'oa mzizi umetafunwa. Chimba kidogo. Ukipata funza mweupe mnene, mwenye kichwa cha kahawia na miguu sita karibu na kichwa, aliyejikunja, huyo ni mtoto wa mende wa udongoni. Mara nyingi huja pamoja na mbolea ya ng'ombe ambayo haijaoza.

3. Mizizi au mashina yamefunikwa na udongo mwembamba kama bomba, na ndani yake kuna wadudu weupe wadogo. Huyu hatuhitaji kumtambulisha kwa mtu wa Ukambani. Ni mchwa.

4. Majani yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mmea. Geuza jani uangalie chini. Utaona vidukari, wadudu wadogo laini wa kijani au weusi, wamejazana na kufyonza maji ya mmea. Sisimizi hawali karoti. Wao wanafuata ule utamu ambao vidukari hutoa, na kwa sababu hiyo huwalinda kama mchungaji na mbuzi wake.

5. Majani yana vidoadoa vya manjano na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui. Hao ni utitiri wekundu. Kwa kweli si wadudu, maana wana miguu minane, lakini hasara yao ni moja. Huzidi wakati wa kiangazi na vumbi.

6. Karoti iliyokomaa ina mashimo. Hapa angalia vizuri. Anaweza kuwa yule funza mweupe, anaweza kuwa jongoo, hasa wakati wa mvua, na mara nyingi jongoo huingia mahali ambapo karoti ilikuwa imepasuka tayari. Lakini kama karoti nzima imetoweka na majani yamebaki yamelala juu ya shimo, usimlaumu mdudu. Huyo ni fuko.

7. Karoti imegawanyika kama vidole, ina nywele nyingi na vinundu vidogo kwenye mizizi. Hii si kazi ya mdudu. Ni minyoo midogo sana ya udongoni ambayo macho hayawezi kuiona. Lakini kama karoti imegawanyika na haina vinundu, sababu yaweza kuwa mawe, udongo mgumu au mbolea mbichi.

Mnaona basi, ndugu zetu, ya kwamba "wadudu wa karoti" si kitu kimoja. Mtu akienda dukani na kusema tu "nipe dawa ya wadudu," atapewa dawa ya kupulizia majani, wakati adui yake yuko chini ya udongo akimcheka.

NZI WA KAROTI WA VITABUNI

Baadhi yenu mmesoma katika vitabu vya kilimo cha Ulaya kuhusu nzi wa karoti. Huyu ni nzi mdogo ambaye hutaga mayai kando ya karoti, na funza wake hutoboa mzizi. Vitabu hivyo hufundisha kuzungushia tuta wavu, au kupanda vitunguu katikati ili harufu imchanganye. Ni mafundisho mazuri huko kwao. Lakini huyo nzi ni wa nchi za baridi kama Uingereza, Kanada na New Zealand. Ukiona mashimo kwenye karoti ya Kabati, chimba umtafute mwenye kula hapa hapa. Kupanda vitunguu kati ya karoti si vibaya, maana unapata mazao mawili katika tuta moja, lakini vitunguu havitamzuia kiwavi mkataji wala mchwa.

KABLA YA KUPANDA: JUA NA JEMBE

Kazi kubwa ya kukinga karoti hufanywa kabla mbegu haijaingia udongoni. Na hapa sisi watu wa sehemu kavu tuna silaha ambayo watu wa sehemu za baridi hawana, yaani jua kali.

Kwanza, lima mahali pa tuta wiki tatu au nne kabla ya kupanda, kina cha jembe zima, na ugeuze udongo juu chini. Toa magugu yote. Nondo hutaga mayai penye magugu, kwa hiyo mtu anayelima leo na kupanda kesho amewaandalia viwavi karamu. Wale waliokuwa ndani tayari watakosa chakula kwa hizo wiki tatu, na wengi watakufa.

Pili, acha udongo upigwe na jua, na baada ya siku saba hivi ugeuze tena. Jua na ukavu huua mayai, funza na ile minyoo ya mizizi.

Tatu, waite kuku. Kabla ya kupanda, kuku ni wafanyakazi wazuri sana, watachakura na kula funza bila kudai mshahara. Baada ya kupanda ni hadithi nyingine. Zungushia tuta miiba au wavu wa zamani, la sivyo hao kuku watakuwa wadudu wakubwa kuliko wote.

Nne, tumia mbolea iliyooza kabisa, ambayo ukiishika inavunjika kama udongo na hainuki. Ichekeche au uitandaze juani uondoe funza weupe. Kama mbolea yako bado ni mbichi, iweke kwenye zao la kabla ya karoti, kama sukuma wiki, na karoti zifuate msimu unaokuja.

Tano, chagua wakati. Karoti hupenda baridi kiasi. Mvua ya Oktoba hadi Disemba ndiyo tunayoitegemea zaidi huku kwetu, na mtu anaweza kupanda hapo. Lakini kama kikundi kina maji ya mtoni, kwenye kisima cha mchangani au bwawa la mchanga, miezi ya Juni na Julai ni mizuri. Kuna baridi na mawingu, mimea haichoki haraka. Tusisahau kwamba mmea wenye kiu ndio unaoshambuliwa kwanza, hasa na mchwa na utitiri. Kikundi cha Utooni, kilichoanza mwaka 1978 kule Kola, Machakos, kiliwaonyesha watu wengi ya kwamba bwawa la mchanga likijengwa kwa mikono ya mwethya linaweza kuweka maji chini ya mchanga hata mto ukikauka juu. Penye maji kama hayo, bustani inawezekana.

MWEZI WA KWANZA: MSAKO WA USIKU

Mbegu za karoti hupandwa moja kwa moja kwenye tuta, kina cha sentimita moja hivi, mistari ikiachana sentimita 25. Huota baada ya wiki moja hadi mbili, na zinachelewa zaidi udongo ukikauka. Mche mchanga ni mwembamba kama uzi. Huu ndio wakati wa kiwavi mkataji.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme tuta lako lina upana wa mita moja na urefu wa mita tano, na mistari minne. Ukipunguza miche ikabaki mmoja kila sentimita tano, kila mstari una miche 100, na tuta lote 400. Sasa tuseme kiwavi mmoja anakata miche minne kila usiku. Kwa wiki tatu amekata 84. Viwavi watano tu watakata 420, yaani tuta zima limekwisha! Lakini ukigeuza hesabu hiyo upande wa pili, ni habari njema. Ukikamata hao watano katika usiku wa kwanza, umeokoa tuta zima, na hujatumia hata shilingi.

Basi tufanye hivi:

- Jioni, giza likishaingia, chukua tochi na mkebe wenye maji ya sabuni. Pitia mistari polepole. Viwavi wako juu wakila. Waokote uwatie mkebeni. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili tangu miche ilipoota.
- Asubuhi, ukiona mche uliokatwa, usipite tu ukisikitika. Chimbua kwa kijiti kuuzunguka mche huo, kina cha vidole viwili au vitatu. Mwenye kosa yuko hapo hapo amelala.
- Nyunyiza jivu kavu la kuni kando ya mistari. Wadudu wenye ngozi laini hawapendi kutambaa juu yake. Likilowa rudia, maana jivu lililolowa halina nguvu.
- Usipunguze miche mapema sana. Ngoja ifike urefu wa kidole, hatari ya kiwavi ikishapungua, kisha upunguze. Ukipunguza mapema halafu kiwavi akapunguza na yeye, utabaki na mapengo.

Wengine hulalamika kwamba kazi ya usiku ni ya kuchosha. Ni kweli, lakini tuta la mita tano humalizwa kwa dakika kumi. Watoto wenyewe huifurahia kama mchezo, mradi wafuatane na mtu mzima kwa sababu ya nyoka.

MCHWA NA NYASI ZA KUFUNIKA

Hapa kuna mtego ambao wengi wameingia. Tumefundishwa kufunika tuta kwa nyasi kavu ili maji yasipotee, na ni mafundisho ya kweli. Lakini nyasi kavu ndicho chakula cha mchwa. Sasa tuache kufunika? Hapana. Tutumie akili.

Funika tuta kidogo tu mpaka mbegu ziote, na uangalie kila siku chini ya nyasi. Zikianza kuota, ondoa nyasi mara moja juu ya mistari, kwa sababu miche ikikulia gizani huwa dhaifu. Nyasi hizo ziweke katikati ya mistari, zisiguse mimea. Mchwa kwa kawaida hupendelea kitu kilichokauka kuliko kilicho hai. Akipata nyasi pembeni na karoti zako zina maji ya kutosha, mara nyingi ataziacha. Akikosa nyasi kabisa, na karoti zina kiu, hana mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo usisafishe bustani ikawa tupu kama uwanja wa shule.

Kama kichuguu kiko karibu sana na bustani, kikundi kinaweza kukichimba mpaka kufikia malkia na kumtoa. Hii ni kazi ya vijana wenye nguvu na ya siku nzima. Ukibomoa juu tu bila kufika kwake, watajenga tena.

VIDUKARI, SISIMIZI NA UTITIRI

Ukiona vidukari wachache kwenye jani moja au mawili, ng'oa jani hilo uwape kuku. Wakizidi, wapigie maji kwa nguvu kutoka chini ya jani asubuhi. Fuata njia ya sisimizi mpaka kwenye shimo lao, ulifukue na kulitia jivu. Sisimizi wakiondoka, vidukari wamebaki bila askari.

Na hapa tuwatambue marafiki. Wale mende wadogo wekundu wenye madoa meusi hula vidukari kila siku, wao na watoto wao. Kuna pia nzi wadogo wanaosimama hewani bila kusogea, na nyigu wadogo sana. Ukipanda dania pembeni ya tuta na kuiacha itoe maua, hao marafiki watakuja, maana hunywa utamu wa maua hayo. Ukipuliza dawa kali, unawaua wao kwanza. Halafu vidukari na utitiri wanarudi wengi kuliko mwanzo, na hakuna wa kuwala. Ndiyo maana watu husema, "Nilipuliza dawa wakazidi." Mtu huyo hajarogwa.

Kwa utitiri, dawa ya kwanza ni maji. Nyunyizia majani pande zote mbili, hasa chini, siku kadhaa mfululizo, na upunguze vumbi kwa kunyunyizia njia inayopita kando ya bustani. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yatatosha kwa hiyo njia.

DAWA ZA KUJITENGENEZEA

Sabuni. Changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza majani. Nyunyizia jioni, juu ya vidukari wenyewe, maana sabuni haimdhuru mdudu ambaye haijamgusa. Jaribu kwanza kwenye mimea michache, ungoje siku mbili, ndipo uendelee.

Mwarobaini. Mti huu ulitoka Bara Hindi, na watu wa Pwani waliuita hivyo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Nguvu kubwa iko kwenye mbegu, majani yana nguvu kidogo. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama yake, osha mbegu na uzianike kivulini mpaka zikauke vizuri. Zikiota ukungu zitupe. Wakati wa kutumia, toa maganda, twanga kokwa za ndani, pima nusu kilo, utie katika lita kumi za maji na uache usiku mzima. Kesho yake chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani, na unyunyizie jioni. Jua huvunja nguvu yake, kwa hiyo kunyunyizia saa sita mchana ni kupoteza kazi yako. Tumia siku hiyo hiyo, na urudie baada ya wiki.

Tena, usitarajie wadudu waanguke papo hapo. Mwarobaini huwafanya waache kula na washindwe kukua. Watakufa polepole.

Tahadhari mbili. Kuna miti mingine inayofanana na mwarobaini, na matunda ya mmoja wao ni sumu kwa binadamu. Hata mukau wetu ni wa ukoo huo huo, lakini si mwarobaini. Kama huna hakika, muulize anayeujua mti. Na hata dawa ya mwarobaini ni dawa. Isiwekwe kwenye chupa ya soda, isiachwe mahali pa watoto, na karoti zioshwe kabla ya kuliwa.

KAMA NI LAZIMA KUNUNUA DAWA YA DUKA

Hatusemi dawa ya duka ni dhambi. Tunasema iwe ya mwisho, na itumiwe kwa kujua. Nchini Kenya kuna sheria ya mwaka 1982 kuhusu dawa hizi, na bodi ya serikali, PCPB, ambayo husajili kila dawa inayoruhusiwa kuuzwa. Kabla ya kutoa pesa kwenye agroveti, angalia mambo haya:

- Je, chupa ina nambari ya usajili ya PCPB? Ikiwa haina, au dawa imepimwa katika chupa nyingine isiyo na karatasi, usinunue.
- Je, karatasi inataja karoti au mboga za mizizi? Dawa iliyoruhusiwa kwa pamba au maua si ya chakula cha mtoto wako.
- Mstari wa rangi chini ya karatasi ni wa rangi gani? Nyekundu ni sumu kali sana, manjano inafuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote. Kwa bustani ya nyumbani, achana kabisa na nyekundu.
- Ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna? Ziandike kwenye kibao uchomeke katika tuta, ili hata jirani na watoto wajue kwamba karoti hizi bado haziliwi.

Asiyejua kusoma asione haya, amwombe mwenzake wa kikundi amsomee. Dawa ya mifugo isitumiwe kwenye mboga hata siku moja. Na ile tabia ya kuwauliza wazee dawa ya zamani iliyokuwa "inamaliza kila kitu" tuiache. DDT, kwa mfano, ilipigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya mwaka 1986, kwa sababu hukaa udongoni na mwilini miaka mingi. Chupa tupu isiwe ya kuwekea maji wala mafuta ya taa. Mtu akinywa dawa au akizidiwa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitalini pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue ni dawa gani.

MZUNGUKO WA MAZAO

Ile minyoo ya mizizi tuliyoitaja haisikii mwarobaini wa kupulizia wala jivu. Dawa yake ni kuhama. Usipande karoti baada ya karoti, wala baada ya nyanya, biringanya au maharagwe yaliyoonyesha vinundu. Panda kwanza vitunguu, mtama au njugu karanga, na uruhusu jua lichome udongo wakati wa kiangazi. Lile gugu lenye harufu kali na maua madogo ya manjano, jamaa ya maua tunayopanda uani, mizizi yake pia hupunguza minyoo. Ukiling'oa kabla halijatoa mbegu na kulichimbia udongoni, umepata faida badala ya adui. Karoti zilizogawanyika zenye vinundu zisiachwe tutani. Zichomwe au mbuzi wapewe.

WAKATI WA KUVUNA

Nyunyizia maji kwa kipimo sawa wiki zote. Tuta likikauka kabisa halafu likajazwa maji mengi, karoti hupasuka, na katika ule mpasuko huingia jongoo na funza. Karoti zikichungulia juu ya udongo, zifunike kwa udongo ili vichwa visigeuke kijani. Na zikikomaa, vuna. Kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyotobolewa. Huna friji? Mchanga tunao wa kutosha huku Kitui. Kata majani, panga karoti nzima zisizo na vidonda katika debe au shimo lenye kivuli, tabaka la mchanga wenye unyevu kidogo, tabaka la karoti. Zitakaa wiki kadhaa. Zile zenye mashimo zikatwe na kupikwa siku hiyo hiyo, si za kutupwa.

KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja akiwinda viwavi na jirani yake ameacha magugu hadi kiunoni, nondo wataendelea kuvuka ua. Kazi hii ni ya mwethya kama ile ya kuchimba matuta ya mmomonyoko. Tunapendekeza kikundi kianze na tuta moja tu la mfano, karibu na maji, na kila mwanachama awe na zamu yake ya kukagua. Wekeni daftari: siku gani mmepanda, wadudu gani mmeona, mmefanya nini, mmevuna karoti ngapi kati ya zile 400. Msimu wa pili daftari hilo litakuwa mwalimu wenu. Tangu mwaka 2013 huduma za kilimo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo mkikutana na mdudu msiyemjua, mtieni kwenye mkebe pamoja na mmea alioharibu, mmpelekee afisa wa kilimo wa wadi. Afisa akimwona mdudu mwenyewe atawasaidia vizuri kuliko akisikia maelezo tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika bustani zetu msimu uliopita, ni alama zipi kati ya zile saba tuliziona? Tulimlaumu nani?
2. Ni dawa gani ziko katika nyumba zetu sasa hivi? Zimewekwa wapi, na zina karatasi?
3. Nani kati yetu ana mwarobaini, na tutakusanya mbegu lini kwa pamoja?
4. Tuta la mfano litakuwa kwa nani, na zamu ya usiku ya wiki ya kwanza ni ya nani?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu swali la nne na kuandika majina. Kiwavi naye hangoji mkutano ujao.